Duka Biashara Street, shamba Kwale: mirathi haingoji

Asubuhi, kabla jua halijakolea, wenye maduka wa Biashara Street huwa washatundika leso milangoni. Doti mpya huja pande zake mbili zikiwa zimeshikana. Fundi aliyekaa barazani na cherehani yake huikata katikati na kuipinda ncha, mnunuzi akingoja papo hapo. Barabara hii ya kisiwa cha Mombasa imelisha familia za Kihindi, za Kihadhrami na za Kiswahili kwa vizazi. Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya leso ambayo kina mama wa Pwani wanaitambua kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ilianza kazi mwaka 1887, wakati Mombasa ikiwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar na reli haijaanza kujengwa.

Lakini duka halipiti lenyewe kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Siku mwenye duka anapofumba macho, kila alichokuwa nacho huwa mali ya marehemu: bidhaa za rafuni, fedha za benki, deni analodai na deni analodaiwa. Na mara nyingi hapo pana kitu kingine nje ya kisiwa: shamba la minazi na mikorosho Kwale, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, au kiwanja Kilifi, kilichonunuliwa kwa faida ya duka miaka ile ardhi ilipokuwa rahisi. Ndipo familia ya mjini hujikuta kwa chifu wa kijijini, kwa msajili wa ardhi wa kaunti na mbele ya kadhi au hakimu, ikitakiwa kueleza nani ni nani na kipi ni cha nani.

Baada ya kuona familia nyingi zikipita njia hii, nimefikia neno moja. Kinachoziumiza si ukali wa sheria wala urefu wa foleni mahakamani. Ni kungoja. Mirathi inayofunguliwa mapema, warithi wote wakiwa wametajwa, hupita. Inayowekwa kabatini "mpaka mambo yatulie" huzaa mirathi nyingine juu yake, na ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza.

Majirani watatu, mgao tofauti

Chukua maduka matatu yaliyopakana. Moja ni la Muislamu wa Kisunni, la pili ni la Mbohora, la tatu ni la Mhindu. Wenyewe wakifariki mwaka mmoja bila kuacha wasia, mali zao hazitagawanywa sawa, ingawa wamekunywa kahawa kwenye baraza moja maisha yao yote.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilipitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1, 1981. Mwanzoni iliwafunga Wakenya wote. Waislamu waliipinga kwa kuwa mafungu ya urithi yamekwisha kuwekwa katika Qur'an, na kwa marekebisho ya mwaka 1990 mali ya Muislamu ikatolewa katika mgao wa sheria hiyo na kurudishwa kwenye sheria ya Kiislamu. Hata hivyo, sehemu ya saba ya sheria hiyo, inayohusu usimamizi wa mali ya marehemu, bado inamhusu Muislamu pale isipogongana na dini yake. Wengi hawalijui hilo, na ndilo huwatia matatani.

Mahakama ya Kadhi nayo ina mizizi ya zamani. Mwaka 1895 Uingereza na Sultani wa Zanzibar walikubaliana juu ya utawala wa ukanda wa Pwani, na makadhi wakabaki. Oktoba 1963, Kenya ikikaribia uhuru, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua za kuhakikisha makadhi wataendelea. Leo msingi wao ni kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010: kadhi huamua masuala ya ndoa, talaka na urithi, mradi wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa mbele yake. Mrithi mmoja asipokubali, au akiwa si Muislamu, shauri huweza kuishia Mahakama Kuu.

Kwa hiyo jirani wa Kisunni mali yake itafuata mafungu ya Suratun Nisaa, aya ya 11, 12 na 176, ambazo wazee wengi wa Mji wa Kale walizisoma kwa Kiswahili katika tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa pia Kadhi Mkuu wa Kenya. Jirani Mbohora ni Muislamu pia, lakini wa Kishia, na hapo tofauti ni kubwa. Marehemu wa Kisunni akiacha binti mmoja na ndugu wa kiume, binti huchukua nusu na ndugu huchukua iliyobaki. Kwa Mashia, binti huyo huchukua yote. Jirani wa tatu mali yake hugawanywa kwa Sura ya 160: mjane au mgane huchukua vyombo vya nyumbani na kuitumia mali iliyobaki muda wa uhai wake, kisha watoto hugawana sawa, mwanamke na mwanamume, aliyeolewa na asiyeolewa.

Na sheria haijasimama. Juni 30, 2025, katika shauri lililotoka Pwani, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa marehemu Muislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao kwa sababu hiyo. Uamuzi huo umezua mjadala mkali misikitini na majumbani, na kila mtu ana haki ya maoni yake. Ila kwa anayefungua mirathi leo, funzo la vitendo ni moja: usimfiche mtoto. Ukimficha, kesi itarudi.

Karatasi kabla ya mahakama

Safari huanza na cheti cha kifo. Aliyefia hospitalini mjini, karatasi zake huwa rahisi. Aliyefia shambani na kuzikwa jioni ile ile, kama ilivyo desturi yetu, lazima kifo chake kiandikishwe kupitia kwa naibu wa chifu wa mtaa, na familia ikikaa miezi bila kufanya hivyo, uandikishaji huwa na masharti zaidi. Watu huchukua kibali cha mazishi wakadhani wamemaliza. Kibali kile hakifungui mirathi.

Kisha barua ya chifu inayotaja warithi wote. Kwa mwenye duka mjini na shamba kijijini, swali huwa: chifu yupi? Aliyemjua marehemu ni wa mahali alipoishi, lakini wa kijijini ndiye anayejua ndugu, wake na watoto ambao pengine mjini hawajulikani. Ni busara kwenda kwa wote wawili. Barua ya chifu haimpi mtu mali. Kazi yake ni kuieleza mahakama familia ilivyo. Ikiandikwa kwa upendeleo, ndiyo itakayokuwa ushahidi wa kwanza wa udanganyifu.

Tatu, orodha ya mali. Hapa wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa shamba, nenda afisi ya usajili wa ardhi ya kaunti lilipo, uombe upekuzi rasmi wa nambari ya kiwanja. Karatasi hiyo itakueleza jina lililoandikwa, ukubwa, na kama pana rehani ya benki au zuio. Familia nyingi hushtuka hapo. Hati waliyoidhani ni ya baba ingali na jina la babu aliyekufa zamani. Ikiwa hivyo, mirathi ni mbili, na ya babu hutangulia.

Kwa duka, kazi ni ya subira zaidi. Hesabu robota kwa robota: leso, vikoi, vitambaa vya madirisha. Kisha tafuta daftari la mali kauli, maana biashara ya barabara hii imejengwa kwa kuaminiana. Mchuuzi wa Ukunda au Malindi huchukua mzigo leo akalipa baadaye, na pengine ushahidi wa deni ni mstari mmoja wa kalamu. Deni analodai marehemu ni mali yake. Deni analodaiwa hulipwa kabla mrithi hajagusa kitu. Katika sheria zote mbili mpangilio unafanana: gharama za mazishi, madeni, wasia halali, ndipo warithi.

Angalia pia kisichorithiwa. Nyumba kadhaa za Mji wa Kale ni wakfu, na wakfu hauuzwi wala haugawanywi kwa warithi. Ukiwa na shaka, uliza Tume ya Wakfu. Na Mombasa ina mtindo wake wa nyumba bila ardhi: marehemu alimiliki kuta na paa, na kiwanja ni cha mwingine aliyekuwa akimlipa kodi. Hapo unarithi nyumba pamoja na kodi yake. Ukiandika mahakamani kwamba ardhi ni ya marehemu, mwenye ardhi atakuja kupinga, na atashinda.

Kesi moja yatosha

Wako wanaodhani duka la Mombasa linataka kesi Mombasa na shamba la Kwale linataka kesi Kwale. Sivyo. Barua ya usimamizi hutolewa kwa mali yote ya marehemu nchini, na ombi la kawaida hupelekwa mahakama ya mahali alipokuwa akiishi mwisho. Kufungua mbili kwa siri, ndugu mmoja huku na mwengine kule, ni njia ya uhakika ya kupoteza miaka.

Muislamu ambaye warithi wake wote ni Waislamu huenda kwa kadhi. Mahakama hizo ziko Mombasa, na ziko pia Kwale, Msambweni, Kilifi, Malindi na Lamu. Kwa kawaida familia huomba mambo matatu: warithi halali watambuliwe, mali itajwe, na fungu la kila mmoja lipimwe. Asiye Muislamu huenda kwa hakimu ikiwa thamani ya mali iko ndani ya uwezo wake, ambao kwa hakimu mkuu mwisho wake ni shilingi milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Jengo moja la kisiwani laweza kulivuka dari hilo peke yake, kwa hiyo pima thamani kwanza.

Kwa hakimu au Mahakama Kuu, ombi la asiyeacha wasia huandikwa katika fomu nambari 80, pamoja na kiapo cha fomu nambari 5 kinachotaja mke au mume, watoto wote, wazazi na ndugu walio hai, na orodha kamili ya mali na madeni. Warithi wenye haki sawa hutia saini fomu nambari 38 kukubali fulani awe msimamizi. Mjane au mgane ndiye wa kwanza kufikiriwa. Wasimamizi hawawezi kuzidi wanne, na pakiwa na mrithi mdogo ambaye fungu lake litashikwa mpaka akue, lazima wawe wawili au zaidi. Tangu Machi 2024 mahakama nchini kote zinapokea kesi kwa njia ya mtandao, na vijana wa saiba ndio wamekuwa wasaidizi wa wengi. Mpe kijana wa saiba kazi ya kupakia karatasi. Asikuamulie cha kuandika ndani yake.

Ombi likipokewa, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, na umma hupewa siku zisizopungua 30 za kupinga. Ukimya wa siku hizo ndio unaompa msimamizi barua yake. Lakini barua hiyo si ruhusa ya kugawa. Kwa kawaida msimamizi hungoja miezi sita, akikusanya mali na kulipa madeni, kisha huomba barua ithibitishwe, akionyesha nani atapata nini. Hakimu huwauliza warithi mmoja mmoja kama wamekubali. Walio Muscat, Dubai au London huweza kula kiapo cha maandishi huko waliko, na siku hizi kusikizwa kwa video si jambo geni.

Mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi hana haja ya kuwaachia wengine mambo yote. Akiwa nyumbani kwake anaweza kuletewa karatasi, akasomewa kwa lugha anayoielewa, akakubali au akakataa. Familia ikimwambia, "Mama, wewe tia kidole tu, sisi tutashughulikia," na asijue alichokitilia kidole, hiyo si heshima kwake. Ni kumvua haki yake.

Kosa la siku ya tatu

Wengi huharibu kabla hata ya kwenda mahakamani. Hitma haijasomwa, funguo za duka zimeshachukuliwa na mmoja. Bidhaa zinauzwa, fedha haziandikwi. Shambani, ami ameanza kuangusha nazi za marehemu na kuuza mbao za mikorosho. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema asiye na barua ya usimamizi hana ruhusa kushika wala kuuza mali ya marehemu, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Zaidi ya adhabu, atatakiwa kuwalipa wasimamizi halali alichokiharibu au alichokiuza.

Je, duka lifungwe mpaka barua itoke? Hapana, maana duka lililofungwa hupoteza wateja, na kodi ya jengo haisimami kwa sababu ya msiba. Sheria ina dawa: mahakama huweza kutoa barua ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali inayoweza kuharibika. Mwenye barua hiyo huendesha duka, huweka hesabu, hulipa kodi, lakini hagawi. Na mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi asitishwe na mwenye jengo. Upangaji wa namna hiyo unalindwa na Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965, na hauvunjwi bila notisi ya kisheria na nafasi ya kwenda kwenye baraza la upangaji wa biashara.

Minazi 168

Sasa tuone hesabu yenyewe. Tuseme mwenye duka, Muislamu wa Kisunni, ameacha mama yake mzazi, mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Baba yake alitangulia. Kule Kwale ameacha minazi 168, tuihesabu hiyo peke yake.

Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, hupata thumni: minazi 21. Mama hupata sudusi: minazi 28. Iliyobaki ni 119, na huenda kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Mafungu ni saba, kila fungu minazi 17. Kwa hiyo kila mwana wa kiume ana 34, kila binti ana 17. Jumlisha: 21, 28, 68 na 51 ni 168. Hakuna aliyeonewa na hakuna uliobaki bila mwenyewe.

Angalia fungu la bibi, yaani yule mama wa marehemu. Wengi humsahau, au humwona ni mzee, atakula nini na minazi 28. Lakini ni mali yake tangu mwanawe alipokata roho. Familia inapongoja miaka mitatu, naye akafariki kabla ya mgao, minazi ile 28 haiwarudii wajukuu. Tuseme bibi ana mwana mwingine wa kiume na binti, yaani ami na shangazi wa watoto wale. Hao ndio warithi wake: thuluthi mbili kwa ami, thuluthi moja kwa shangazi. Wajukuu waliofiwa na baba hawapati kitu kwa sababu ami yao yu hai. Na hesabu ya minazi ndiyo hesabu ya duka: ami sasa ana sehemu katika Biashara Street, na hakuna karatasi itakayopita bila saini yake.

Kama mirathi ingefunguliwa bibi akiwa hai, njia zilikuwepo. Angeweza kuwapa wajukuu fungu lake kama zawadi, akiwa na akili zake na mashahidi wakiwepo. Angeweza kuwauzia. Angeweza kuwaandikia wasia, kwa kuwa wao si warithi wake, mradi usizidi thuluthi ya mali yake. Njia zote hizo hufungwa siku anapoondoka. Na akifa mrithi mwingine kabla ya mgao, akiacha mke na watoto wake, kadhi hulazimika kufanya hesabu ndani ya hesabu, na minazi 17 ya binti hugeuka kuwa vipande visivyotosha kivuli. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Shambani kuna mambo yake

Uthibitisho ukitoka, safari ya kijijini ndiyo kwanza yaanza. Msimamizi huupeleka kwa msajili wa ardhi ili jina lake, kama msimamizi, liingie badala ya la marehemu. Ikiwa shamba linapita zima kwa warithi, idhini ya bodi ya ardhi haihitajiki. Ikiwa litakatwa vipande vyenye hati mbalimbali, basi Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka idhini ya bodi. Mpima ardhi huja, hupiga mipaka, ramani ya mgawanyo husajiliwa, kila kipande hupata nambari yake. Gharama hizi ni nzito kwa shamba dogo, na ndiyo maana familia yenye busara hujiuliza kwanza kama kuna haja ya kukata.

Maana kugawa si lazima kuwe kukata. Duka na shamba vikithaminiwa na mthamini aliyesajiliwa, wana wanaofanya biashara wanaweza kuchukua duka, mabinti na mama wakachukua shamba, na tofauti ya thamani ikalipwa kwa fedha. Dini inaruhusu mrithi kutoka kwa maridhiano baada ya kulijua fungu lake, na mahakama hupokea mapatano ya namna hiyo. Neno la kushika ni hilo: baada ya kulijua fungu lake. Mwanamke anayeambiwa asamehe kabla hajaambiwa anasamehe nini, hajasamehe.

Kwale pia ina historia yake. Wadigo zamani walifuata ukoo wa mama, na mjomba alirithiwa na wapwa zake, wana wa dada. Uislamu ulipoenea, watoto walidai kwa baba na wapwa wakadai kwa mjomba, na mvutano huo umesikika katika mabaraza ya wazee na mbele ya makadhi kwa miaka mingi. Ukifika kijijini ukamkuta mpwa amekaa shambani na anaamini ana haki, usimwite mwizi. Msikilize, muite kwenye kikao, kisha acha sheria iseme.

Zipo pia ardhi zisizo na hati: za barua ya mgao, za miradi ya makazi ambayo mkopo wake haujaisha, na zile zilizoandikwa jina la ndugu mmoja kwa niaba ya wote wakati wa upimaji. Usikate tamaa kwa hilo la mwisho. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba amana ya kimila yaweza kumfunga hata mwenye jina kwenye hati, ikithibitika ardhi ilikuwa ya familia. Ushahidi ni makaburi, mashahidi wazee, na nani ameishi na kulima pale. Wakati huo huo mwenye haki anaweza kuomba zuio liwekwe katika rejista ili ardhi isiuzwe kimyakimya.

Neno kwa wanunuzi. Ukanda wa Diani na Tiwi una viwanja vingi vinavyouzwa na "mmoja wa warithi". Sheria iko wazi: mali isiyohamishika ya marehemu haiuzwi kabla barua ya usimamizi haijathibitishwa. Muuzaji asipokuonyesha cheti cha uthibitisho chenye nambari ya kiwanja hicho, weka fedha zako mfukoni.

Kazi ya walio hai

Nusu ya taabu hii ingepungua kama mwenye mali angefanya mambo machache angali na nguvu. Aandike orodha ya mali na nambari za hati, na mahali zilipo. Aandike madeni. Ahamishe hati ya babu iliyo kabatini mwake, asiwaachie wanawe mirathi mbili. Kama ana mke wa pili au mtoto ambaye familia ya kwanza haimjui, aseme mwenyewe. Muislamu aandike wasia ndani ya thuluthi, kwa wasiorithi. Asiye Muislamu aandike wasia wake mbele ya mashahidi wawili.

Na ninyi mliofiwa, mkimaliza kupokea pole, kaeni kikao kimoja kabla ya arubaini. Awepo mama, wawepo mabinti walioolewa mbali, awepo bibi. Someni orodha ya mali kwa sauti. Chagueni wasimamizi mnaowaamini, asiwe tu mkubwa wa kiume kwa sababu ni mkubwa. Fungueni jalada mwezi huo huo, kwa kadhi au kwa hakimu, na mkikwama, ulizeni karani au wakili kabla ya kumuuliza dalali. Marehemu analala na madeni yake mpaka warithi wayalipe, na yatima hawezi kula fungu ambalo halijapimwa. Mwenye cheti cha kifo kabatini mwake leo asingoje tena. Akipeleke mahakamani wiki hii.